Nani Analipa Maabara? Hesabu ya Uzamili wa Baiolojia ya Molekuli kwa Mtu wa Liboi

Kijana wa Liboi, mji wa Kenya ulio mpakani na Somalia, aliyehitimu shahada ya kwanza ya baiolojia, baiokemia, udaktari wa mifugo au sayansi ya maabara, akitaka kuendelea na uzamili wa baiolojia ya molekuli, swali la kwanza analoulizwa nyumbani ni karo. Wazee huuliza karo kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye barua ya chuo, na kwa sababu ndivyo walivyozoea tangu mtoto alipokuwa shule ya upili. Lakini katika fani hii karo ni bili moja kati ya tatu, na mara nyingi si kubwa kuliko nyingine. Ipo bili ya maabara, ambayo vyuo vingi haviiandiki popote, na ipo bili ya miaka, ambayo hailipwi siku moja na kwa hiyo haionekani hadi mtu amekwisha kuzama. Nimezilinganisha njia zilizopo kwa jicho la familia iliyo mpakani, kilomita nyingi kutoka maabara yoyote ya jeni, ambako akiba hutembea kwa miguu minne. Swali lililonisaidia kuliko yote ni hili: nani analipa maabara?

Fani nyingine zimeweza kumfuata mwanafunzi hadi Dadaab, kwenye kambi za wakimbizi. Mradi wa BHER, ulioanza mwaka 2013 kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi na vile vya Kanada kikiwemo York, ulileta masomo ya ualimu kwenye kituo cha Dadaab, wakimbizi na wenyeji wakasoma pamoja, darasani na kwa intaneti. Baadaye York ikafikisha hata uzamili wa elimu. Baiolojia ya molekuli haibebeki hivyo. Inataka friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, umeme usiokatika, mashine ya PCR, na mtu wa kukusimamia bega kwa bega hadi mkono wako uzoee kupima mikrolita moja bila kuichafua. Kipande chake kimoja tu ndicho kinachoweza kusafiri: bioinfomatiki, yaani kuchambua data za jeni kwa kompyuta. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Pwani vina uzamili wa bioinfomatiki, na anayependa hesabu na kompyuta aufikirie kwa dhati, kwa sababu bili yake ya maabara karibu haipo. Tarakilishi nzuri na intaneti ya kutegemewa ndiyo gharama.

Kwa wengine wote, tuifungue bili ya maabara. Tuseme tasnifu yako inahusu kirusi au bakteria wa ngamia, na umechukua sampuli 100 kuzunguka Liboi na Dadaab. Kwanza zinahitaji kufika Nairobi zikiwa baridi, kwenye joto la kwetu na barabara ya kwetu, kwa hiyo unalipia barafu kavu au chupa ya naitrojeni kimiminika, pamoja na gari. Kisha unatoa DNA au RNA kwa kifurushi cha vitendanishi; kifurushi cha sampuli 50 hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na unahitaji viwili. Kisha praima, vimeng'enya, jeli, tipu, glavu. Kisha kusoma mpangilio wa DNA. Kampuni kama Inqaba Biotec, yenye tawi Nairobi, au Macrogen ya Korea hutoza dola chache kwa kila usomaji mmoja. Tuseme dola 6. Kila sampuli husomwa pande mbili, kwa hiyo ni mara 200, dola 1,200, na kwa dola moja kuwa shilingi 129 ni zaidi ya laki moja na nusu. Jumlisha vyote, laki tatu huisha bila kufanya lolote la kifahari. Na hapo sijahesabu majaribio yaliyoshindikana, ambayo ni sehemu ya kawaida ya kazi hii. PCR hukataa, vitendanishi huisha, unaagiza vingine, unasubiri forodha.

Kusubiri huko ndiko kunakozaa bili ya tatu. Uzamili wa Kenya umeandikwa miaka miwili, lakini mwanafunzi anayejilipia hukwama mwaka wa pili, mitihani imeisha, pesa za maabara hakuna. Tuseme kuishi Juja au Nairobi kwa kubana ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Miaka miwili ni 480,000. Ukichelewa miezi 18, unaongeza 360,000, kiasi kinachotosha kulipa karo nzima ya programu nyingi. Kama ungekuwa kazini kwa mshahara wa 40,000, umeukosa mshahara wa 720,000 katika miezi hiyohiyo. Sasa chukua karo ya laki nne, maabara laki tatu, kuishi 480,000 na ucheleweshaji 360,000: ni shilingi 1,540,000. Ngamia mkubwa akiuzwa laki moja, hao ni ngamia 15 na karibu nusu ya wa kumi na sita. Barua ya chuo ilikuwa imetaja wanne.

Karo zenyewe, katika vyuo vya umma vya Kenya, uzamili wa sayansi kwa programu nzima huangukia kati ya laki mbili unusu na laki sita, kutegemea chuo na idara. Hazitulii. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipandisha karo za shahada za juu kwa kiwango kikubwa na wanafunzi wakaenda mahakamani. Na mfumo mpya wa ufadhili wa serikali ulioanza 2023 ni wa shahada ya kwanza, haukugusi. HELB hutoa mikopo ya uzamili, lakini mkopo huo una riba, na najua familia nyingi za Garissa haziingii kwenye riba kwa sababu ya dini. Hilo ni jambo la kuheshimiwa na la kuhesabiwa mapema. Kama nyumbani kwenu riba haiingii, basi njia ya kujilipia hubaki michango ya ukoo na mifugo, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kuanza na njia zenye ufadhili kamili badala ya kuzifikia mwishoni.

Chuo kilicho karibu ni Garissa University, chuo kikuu cha umma cha Kaskazini Mashariki, kilichopoteza watu 148 katika shambulio la kigaidi la tarehe 2 Aprili 2015, kikafunguliwa tena Januari 2016 na kupewa hati kamili mwaka 2017. Naheshimu kila mwalimu na mwanafunzi aliyerudi pale. Ni mahali pazuri pa kupatia shahada ya kwanza ukiwa karibu na nyumbani, na ni mahali pa kurudi ukiwa mhadhiri. Kwa uzamili wa molekuli, nendeni penye mashine nyingi na watu wengi wanaozitumia kila siku, yaani Nairobi na viunga vyake, au Kilifi.

Basi la kutoka Garissa hupita Mwingi, Matuu na Thika kabla ya kuingia Nairobi, na kati ya Thika na Nairobi linapita Juja, kwenye lango la chuo kikuu cha JKUAT. Kilomita chache mbele ni Kahawa, kilipo Chuo Kikuu cha Kenyatta, chenye uzamili wa bioteknolojia. Sayansi za Chuo Kikuu cha Nairobi ziko Chiromo. Mwenye shangazi au mjomba Eastleigh ataona Chiromo ni karibu, na kukaa kwa ndugu huokoa kodi. Lakini maabara haina saa. Kuna usiku ambao jaribio halikwishi kabla ya saa nne, na matatu ya kurudi Eastleigh saa hiyo si jambo la kumwombea mtu, msichana hasa. Kwa hesabu yangu chumba kimoja Juja, mwendo wa miguu hadi maabara, kwa shilingi elfu tano hadi kumi kwa mwezi, ni nafuu kuliko kitanda cha bure kilicho mbali. Hosteli ya chuo ni bora zaidi ikipatikana, na mzazi anayeogopa kumwachia binti yake aende ataridhika zaidi akiiona kwa macho. Mwalikeni aje aione.

Palepale Juja, ndani ya JKUAT, ndipo ilipo nafasi ambayo wengi wa kwetu hawaijui. Umoja wa Afrika ulizindua Pan African University mwaka 2011, chenye taasisi tano katika kanda tano za bara, na taasisi ya sayansi za msingi, teknolojia na ubunifu, PAUSTI, ikaanza kufundisha JKUAT mwaka 2012. Moja ya programu zake inaitwa waziwazi Baiolojia ya Molekuli na Bioteknolojia, uzamili na uzamivu. Anayechaguliwa hulipiwa karo na hupewa posho ya kuishi, na utafiti wake una fungu. Wanafunzi hutoka nchi zote za Afrika, kwa hiyo ushindani ni mkali, na mwanafunzi husaini kwamba atafanya kazi Afrika baada ya kuhitimu. Sioni hilo kuwa mzigo kwa mtu anayetaka kurudi Garissa. Matangazo ya nyuma yaliweka umri wa juu wa uzamili kuwa miaka 30 kwa wanaume na 35 kwa wanawake. Miaka hiyo mitano ya ziada ina maana kubwa kwetu, ambako mwanamke mara nyingi huolewa na kulea kwanza, kisha hurudi shule. Dada mwenye miaka 33, mwenye shahada nzuri ya sayansi na watoto wawili, hajapitwa. Kama kuna jambo moja katika ukurasa huu ningependa lisomwe kwa sauti kwenye mkutano wa wazazi, ni hilo.

Lakini njia ninayoipendekeza kuliko zote kwa mtu wa Liboi haianzi chuoni. Inaanza kwenye taasisi ya utafiti. Kenya ina bahati hii kuliko majirani wengi. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, iko Uthiru pamoja na kituo cha BecA chenye maabara ambazo vyuo vyetu havina. Icipe, aliyoiasisi Thomas Odhiambo mwaka 1970, iko Kasarani, na ina mpango wa uzamivu wa sayansi ya wadudu, ARPPIS, na nafasi za wanafunzi wa uzamili kufanya tasnifu zao. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ina vituo mbalimbali, na programu ya KEMRI na Wellcome Kilifi, iliyoanza 1989, imekuwa ikilea vijana kutoka mafunzo ya kazini hadi uzamivu, wengine wakisajiliwa Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko mjini humohumo. Utaratibu ni huu: unaingia kama mwanafunzi wa mafunzo au msaidizi wa utafiti, unafanya kazi mwaka mmoja au miwili ukilipwa kidogo, unajifunza mikono yako, kisha mradi unakuchukua kama mwanafunzi wake wa uzamili. Chuo kinatoa cheti na masomo. Mradi unalipa vitendanishi, na mara nyingi karo pia. Bili ya pili imekwisha, na kwa kuwa vitendanishi vipo, bili ya tatu nayo inapungua.

Hapo ndipo mtoto wa mpakani ana kitu ambacho mwenzake wa Nairobi hana. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta homa ya Bonde la Ufa Garissa, watu na mifugo wakafa kwa wingi. Ilirudi Disemba 2006, wagonjwa wa kwanza wakiwa palepale Garissa, na kabla ya kwisha mwaka uliofuata watu zaidi ya 150 walikuwa wamekufa Kenya, minada imefungwa, biashara ya mbuzi na ng'ombe imesimama. Kirusi chenyewe kiligunduliwa kwanza kwenye Bonde la Ufa, karibu na Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Leo George Warimwe, daktari wa mifugo Mkenya aliyejikita Kilifi na Oxford, anaongoza kazi ya chanjo ya homa hiyo inayokusudiwa watu na mifugo kwa pamoja. Damu za ngamia wa Kenya zilizohifadhiwa tangu 1992 zilipopimwa, zilikutwa na alama za kirusi cha MERS, miaka mingi kabla ugonjwa huo haujajulikana kwa binadamu Uarabuni. Na watafiti walipopima damu za watu 1,122 wa Garissa na Tana River wanaoishi na mifugo, za mwaka 2013 na 2014, wawili walikuwa na kinga ya kirusi hicho.

Tafiti za namna hii huhitaji mtu anayejua kumshika ngamia bila kuumwa, anayezungumza Kisomali na mwenye kundi, anayejua mifugo itakuwa kisima gani mwezi gani, na ambaye mzee atamkubalia achote damu. Barua ya kuomba nafasi ikiyasema hayo kwa ukurasa mmoja safi ina uzito kuliko alama chache za ziada. Nimeona vijana wa kwetu wakiyaficha, wakidhani maabara ya kisasa haitaki habari za ngamia. Yaandikeni.

Majirani nitawapitia haraka. Makerere, Kampala, ina uzamili wa baiolojia ya molekuli katika chuo chake cha udaktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kupitia kituo chake cha SACIDS, imekuwa na uzamili wa baiolojia ya molekuli unaoangalia afya ya watu na wanyama kwa pamoja, na kwa ugonjwa kama homa ya Bonde la Ufa hakuna mpangilio mzuri zaidi ya huo. Kuishi Morogoro ni rahisi kuliko Nairobi, na huhitaji kujifunza lugha mpya. Ulizeni kwa maandishi kama Mkenya analipa karo ya mwenyeji au ya mgeni. Jibu la mdomo halitoshi.

Sasa ng'ambo. Ujerumani husemwa ni bure, na kwa vyuo vingi vya umma ni kweli: hakuna karo, ila mchango wa muhula wa euro mia moja hadi mia tatu na kitu. Kuna mipaka. Jimbo la Baden-Württemberg, lenye Heidelberg, Tübingen na Freiburg, hutoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza kutoza wageni mwaka 2024, kati ya euro 2,000 na 6,000 kwa muhula. Ukuta wenyewe ni viza. Ubalozi hutaka uonyeshe akaunti iliyofungwa yenye euro 11,904, pesa za kuishi mwaka mmoja, unazopewa 992 kila mwezi ukishafika. Kwa shilingi ni karibu milioni 1.8, zote kwa mpigo, kabla ya tiketi. Tazameni tena ile jumla yetu ya Nairobi: 1,540,000. Mtu anayejilipia Kenya na kuchelewa anakaribia kutumia kiasi kilekile, tofauti ni kwamba hapa anatumia kidogokidogo na pale anaombwa kizima. Na Ujerumani mwanafunzi mgeni anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, na maabara za vyuo huajiri wanafunzi wao. Ukoo wenye ndugu Ulaya na Ghuba unaweza kuchanga amana hiyo. Ni yenu, haipotei, mnaila wenyewe. Ila msichange kabla ya barua ya kukubaliwa, na msimpe dalali. Mwenye alama za juu sana ajaribu Göttingen, ambako programu ya baiolojia ya molekuli iliyoanza mwaka 2000 kwa ushirikiano na taasisi za Max Planck huchukua wanafunzi 20 hivi kwa mwaka, haina karo na husaidia kwa posho. Maombi hufungwa katikati ya Januari.

Uturuki inajulikana kwetu kuliko Ujerumani. Türkiye Bursları hulipa karo, bweni, bima, posho, tiketi ya kwenda na kurudi, na mwaka mzima wa kujifunza Kituruki. Uzamili ni kwa walio chini ya miaka 30, wenye wastani wa asilimia 75 kwenda juu, na dirisha hufunguliwa Januari hadi Februari. Kasoro yake kwa fani hii ni ule mwaka wa lugha. Kwa sheria au siasa ni faida. Kwa mtu wa maabara ni mwaka mikono haishiki kitu. Bado, bure ni bure, na waliosoma Ankara na Istanbul wamefanikiwa.

Kinachotajwa kidogo mno ni KAUST. Ni chuo cha utafiti kilichofunguliwa 2009 huko Thuwal, Saudi Arabia, kwenye Bahari ya Shamu kaskazini mwa Jeddah. Kinafundisha kwa Kiingereza, wanaume kwa wanawake, kina idara kubwa ya sayansi za uhai, na ufadhili wake kwa wanafunzi wa shahada za juu kwa kawaida hugharamia karo, nyumba, matibabu na posho ya kati ya dola 20,000 na 30,000 kwa mwaka. Hata ile ya chini ni zaidi ya shilingi milioni mbili na nusu. Mwanafunzi anaweza kuishi vizuri na kutuma nyumbani. Mama atakayekataa binti yake aende Ulaya huenda akakubali mahali palipo safari fupi tu kutoka Makka. Kuingia ni vigumu, alama zinatazamwa sana pamoja na Kiingereza cha mtihani, lakini kuomba hakuuzi ngamia yeyote.

Uingereza sitaitetea kwa anayejilipia. Uzamili ni mwaka mmoja, jambo zuri, lakini karo ya maabara kwa mgeni huanzia pauni elfu ishirini na tano hivi, viza ilikuwa pauni 524 mwaka 2025, ada ya afya ni 776 kwa mwaka, na tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa hawezi kwenda na mume, mke wala watoto. Nenda kwa ufadhili wa Commonwealth au wa Chevening, hii ya pili ikikutaka uwe na miaka miwili ya kazi, au usiende.

Marekani ina mlango ambao wengi hawaujui: uzamivu wa baiolojia ya molekuli unaingiwa moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, bila uzamili, na chuo hulipa karo na posho kwa miaka mitano au sita, wakati uzamili wa kujilipia huko ni ghali mno. Idara nyingi za baiolojia zimeacha mtihani wa GRE, ukuta mmoja umeondoka. Minneapolis, wenye jamaa wengi wa Kisomali, una Chuo Kikuu cha Minnesota chenye programu ya namna hiyo. Chumba kwa binamu na posho ya chuo ni mwanzo mwema. Lakini mwaka 2025 hali ilikuwa ngumu. Fedha za utafiti za serikali zilikatwa, idara kadhaa zikapunguza nafasi au kufuta zilizokwisha kutolewa. Na tangu tarehe 9 Juni 2025 raia wa Somalia wamezuiwa kuingia. Kwetu Liboi, ambako familia moja huwa na binamu wa Dhobley, ng'ambo ya mpaka, na binamu wa Garissa, mambo haya hayako mbali. Mkenya hajazuiwa, lakini kijana mwenye karatasi za Somalia aelekeze nguvu zake Uturuki, Ghuba au PAUSTI, asipoteze ada za maombi.

Karatasi nazo ni gharama. Mahojiano ya ziada ya vitambulisho kwa watu wa kaunti za mpakani, yaliyotuumiza kwa miongo, yalitangazwa kuondolewa Februari 2025. Anayesubiri kitambulisho aende sasa. Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,550 na huchukua muda, kwa hiyo iombe kabla hujaomba chuo. Leseni ya utafiti ya NACOSTI kwa mwanafunzi ni ada ndogo, ila kibali cha kamati ya maadili huweza kula miezi, na bila hivyo viwili huruhusiwi kugusa damu ya mtu. Shahada ya nje itahitaji kutambuliwa na Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu ukirudi, basi hakikisha chuo chako kinatambuliwa kwao kabla hujalipa hata senti.

Mpangilio wangu kwa mwenye shahada nzuri na mfuko mwembamba ni huu. Mwaka wa kwanza tafuta nafasi ya mafunzo ILRI, KEMRI, icipe au Kilifi, na uombe PAUSTI papo hapo. Disemba hadi Februari mwaka huohuo, peleka maombi KAUST, Göttingen na Türkiye Bursları. Vyuo vya Kenya kwa kujilipia viwe vya mwisho, na uingie pale tu msimamizi amejibu kwa barua pepe maswali haya: una mradi wenye fedha kwa sasa, na unaisha lini? Vitendanishi vyangu vitalipwa na nani? Wanafunzi wako watatu wa mwisho walimaliza baada ya miezi mingapi? Naweza kuzungumza nao? Msimamizi mwenye majibu mazuri hafichi. Asiyejibu kwa majuma mawili, mwandikie mwingine.